Balbina na Mkao wa Maiti

"Balozi, mimi sikuja hapa kuomba radhi. Nimekuja kushtaki," Balbina alisema, na hata kukaa alikuwa hajakaa. "Mtu gani anabandua matete ya ua wa mwenzie alfajiri na kuchungulia? Mimi nimekuwa sinema?"

Mzee Sebastiani, balozi wa nyumba kumi, alikuwa anatafuta pancha, mpira wa baiskeli ukiwa ndani ya beseni la maji. Akauacha uelee. Digna, jirani aliyeshtakiwa, alikuwa ameketi kwenye kigoda ameshika tama, kama vile anayesemwa ni mtu mwingine kabisa.

"Umemsikia mwenzio, Bibi Evod?"

"Nimemsikia. Kwanza aseme alikuwa anafanya nini."

"Nilikuwa nimelala," Balbina akadakia.

"Uani? Macho wazi?"

Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama. Digna akainuka taratibu, akajifunga khanga upya, na Balbina akajua hapo hapo kwamba kesi aliyoileta kwa miguu yake mwenyewe imemgeukia.

"Juzi alfajiri mjukuu wangu Evod alishikwa degedege," Digna alisema, naye hakupaza sauti. "Meno yamekaza, macho yamepinda juu. Baba yake yuko Kidatu kwenye miwa, ndani niko peke yangu. Nikakimbilia kwa jirani. Nikaita, 'Balbina! We Balbina!' Kimya. Nikaita tena. Nikasogeza tete. Namwona amelala chali kwenye mkeka, mikono ameitupa huku na huku, viganja juu, macho yanaangalia mbinguni. Nikaita tena, niko karibu naye kama hapa na kwenye hilo beseni. Hapepesi. Mwili upo, mwenyewe hayupo. Sasa, balozi, wewe ni mtu mzima, nisaidie. Mwenyewe alikuwa wapi, wakati mjukuu wangu anakata roho?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wanawake aliiweka ndoo begani badala ya kichwani, akaondoka upesi upesi, na kabla ya jua kuwaka sawasawa mtaa mzima ulikuwa na habari.

Sasa, Balbina hakuwa mchawi. Alikuwa mjane wa Ifakara, mkulima wa mpunga, mdomo mrefu na mgongo mbovu. Mgongo huo ndio ulioleta yote. Tangu utoto ameinama: kupalilia ameinama, kuvuna ameinama, kutwanga ameinama. Mwaka ule wa tisini na sita, baada ya mavuno, ukagoma. Alipokwenda kupimwa aliambiwa pingili zimechoka, apunguze kuinama. Kumwambia mwanamke wa Ifakara apunguze kuinama ni kumwambia apunguze kula. Alirudi nyumbani na vidonge, vidonge vikaisha, maumivu yakabaki.

Ndipo akamkumbuka Mama Kanta. Usichana wake Balbina aliutumia Kidatu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa, akimlelea watoto mke wa fundi mmoja Mhindi. Mama huyo kila alfajiri alikuwa anatandika jamvi barazani na kufanya kitu alichokiita yoga. Siku za kwanza Balbina alimcheka hadi akaficha uso kwenye nepi alizokuwa anafua. Mama Kanta hakukasirika. Alimwita akamwambia, "Njoo, weka goti hapa." Akamfundisha kukaa kwa magoti na viganja kama paka, ukiukunja mgongo juu huku unatoa pumzi, ukiushusha huku unavuta. Akamfundisha kupiga magoti na kulaza paji la uso chini kama mtoto aliyechoka. Na mwisho wa yote, kulala chali kimya kabisa, bila kujibu mtu, mpaka pumzi itulie. Huo wa mwisho aliuita mkao wa maiti.

Balbina alikuwa msichana, mgongo ulikuwa mzima, aliyafanya kwa mchezo. Alipoolewa akaacha. Sasa, mvi kichwani, akaanza upya kama mtu asiyejua chochote. Siku ya kwanza mkao wa paka ulimtoa machozi. Goti lililia, kiuno kikalia, na alipolaza paji la uso chini alishindwa kuinuka akabaki hapo kama gunia. Lakini hakuacha, na baada ya wiki chache aliamka asubuhi akagundua ameshachota maji, amefagia, na hajaugusa mgongo wake hata mara moja. Alikuwa anafanya alfajiri, uani, nyuma ya matete, kwa sababu aliijua midomo ya mtaa ule. Wake mwenyewe ulikuwa mmojawapo.

Jambo ambalo hakumwambia balozi ni hili: alimsikia Digna. Alimsikia tangu mwito wa kwanza. Alidhani amekuja kuomba kaa la moto, au chumvi, maana Digna alikuwa haishi kuomba, akajisemea moyoni, "Leo utangoja." Akatulia vile vile kama maiti. Mwito wa mwisho ulikuwa na kilio ndani yake, na Balbina alikisikia hicho nacho, lakini alikuwa ameshachelewa kuitika, na aibu ikamlaza chini. Mtoto aliwahishwa hospitali kwa baiskeli ya mpita njia. Alipona. Lakini aliporudi nyumbani alikuwa mnyonge, haongei, na kila akipita mbele ya ua wa Balbina bibi yake alimfunika uso.

Kilichofuata hakikuwa na kelele, na ndiyo maana kilitisha. Balbina akifika kisimani, wenzake wanakumbuka wana kitu jikoni. Akisema hodi, mlango unajibiwa kwa ndani bila kufunguliwa. Watoto waliokuwa wakimsalimia "shikamoo bibi" wakawa wanakimbia, na mkubwa wao anamvuta mdogo kwa shati. Asubuhi moja alikuta mstari wa majivu umemwagwa mbele ya kizingiti chake, mwembamba, umenyooka, kazi ya mtu mwenye utulivu. Akachukua ufagio akaufagia huku anatukana kwa sauti ili wasikie. Asubuhi ya pili ulikuwepo tena. Siku hiyo hakutukana.

Mzee Sebastiani akaja jioni kwa Balbina, akakataa kiti.

"Balbina, watu wanataka wewe na Digna mkanyolewe."

Katika bonde lile hakuna asiyejua kunyolewa ni nini. Ukitajwa kwa uchawi unakwenda kwa mganga, wewe na aliyekutaja, pamoja. Mnanyolewa kwa wembe, mnakunywa dawa, mnarudi vipara wote wawili. Mganga haambii mtu wewe mwovu, wewe mwema. Dawa ndiyo inayobaki na kazi tumboni: atakayerudia mambo yake anavimba, anakufa.

"Na nikikataa?"

"Sitakulazimisha. Mimi mwenyewe nimewahi kunyolewa, na nywele unaziona." Akashusha sauti. "Lakini mvua inakuja, mama. Watu wanahamia shambani. Nani atajenga dungu karibu na lako?"

Hapo alimpata. Mashamba yao yalikuwa ng'ambo ya mto, kwenye mbuga inayofurika. Kila masika nyumba nyingi za Ifakara zinabaki na wazee na wanafunzi, wenye nguvu wanahamia huko, wanaishi miezi kwenye madungu, vibanda vya juu ya miti, kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, viboko na ndege. Madungu yanajengwa karibu karibu, wapigiane kelele usiku, wasaidiane mtumbwi. Mwanamke peke yake, bila jirani wa kumwitikia, asingemaliza msimu. Na bila msimu asingekula. Huo ndio uliokuwa uamuzi wake: kichwa chake au shamba lake.

"Tutakwenda," alisema. "Mwambie na yeye aandae kichwa."

Walikwenda watatu, balozi mbele na baiskeli aliyokuwa anaisukuma tu, imebeba vifurushi. Digna alitembea upande mmoja wa njia, Balbina upande wa pili. Walivuka kwa mtumbwi, wakashika njia ya kusini, wakalala kwa ndugu wa balozi, wakaendelea. Mawingu yalikuwa yamekaa chini, rangi ya sufuria iliyoungua, na mvua haikunyesha.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, mwenye haraka kama muuza samaki. Ujira wake ulikuwa mpunga: sado mbili, yale makopo ya kupimia nafaka, kwa kila kichwa. Akapima wa Balbina ukatimia. Akapima wa Digna, ukapungua sado moja.

"Mpunga wangu umekwisha kwenye kumuuguza mjukuu," Digna alisema, anaangalia chini.

"Sinyoi nusu," mganga akajibu. "Mmoja akirudi na nywele, mwingine nimemnyoa bure. Watasema nini huko kwenu?"

 Balbina akafikiria njia yote ile, na majivu mlangoni, na mvua. Akafungua kifurushi chake cha akiba, akapima sado moja akaimimina kwenye kapu la mganga.

"Mnaona mambo?" akasema. "Nimetajwa mchawi, na bado namlipia aliyenitaja."

"Nitakulipa," Digna akasema huku ameuma meno.

"Utanilipa."

Wembe ulikuwa wa baridi. Balbina aliziona nywele zake zikianguka kwenye mapaja, nyeupe kuliko alivyodhani. Karibu yake Digna naye alikuwa anapungua, kichwa chake kikitokea kidogo kidogo, chenye kovu la zamani juu ya sikio ambalo hakuna jirani aliyewahi kuliona. Kisha wakapewa dawa kwenye kibuyu kimoja, chungu, inayokwaruza koo.

Mganga akasema maneno yake kama mtu anayesoma nauli za basi: "Aliyekuwa na kazi yake ya siri, ameiacha hapa. Akiiokota tena, imemwokota."

Digna alikunywa akafuta mdomo. Balbina alikunywa, na kabla haijafika tumboni swali likaja. Kazi yake ya siri ilikuwa ipi? Uchawi hakuwa nao. Kitu pekee alichokuwa anakifanya kwa siri, alfajiri, nyuma ya matete, kilikuwa kile cha Mama Kanta.

Alitaka kuuliza. Mganga alikuwa ameshaita wengine.

Walirudi, na mtaa ukaridhika kwa kuangalia vipara viwili. Walihamia shambani mvua ya kwanza ilipokolea. Dungu la Digna likajengwa umbali wa kuitana na la Balbina, maana mashamba yalikuwa yanapakana na hakuna aliyekubali kuhama. Hawakuitana. Evod, ambaye sasa alikuwa anaongea neno moja moja, alikaa juu kwa bibi yake akifukuza ndege kwa manati, na kila alipomwona Balbina alijificha nyuma ya bibi yake.

Balbina hakugusa mkeka. Ulikuwa umekunjwa kwenye kona ya dungu, na kila alipolala aligeukia upande mwingine. Alijiambia ni upuuzi. Alijiambia Mama Kanta alikuwa akisali kabla ya kula na hakuwahi kumdhuru hata panya. Kisha akakumbuka lile jina, mkao wa maiti, na dawa iliyokuwa tumboni mwake.

Palizi ikafika. Mgongo ukavumilia siku za mwanzo, ukaanza kunong'ona, ukapiga kelele. Siku moja jua lilimkuta katikati ya majaruba, ameinama, jembe mkononi, na hawezi kunyooka. Si kwamba mgongo uliuma, haukukubali tu. Alirudi kwenye dungu ameinama vile vile kama mtu anayetafuta sindano, akapanda ngazi kwa viwiko. Toka juu aliweza kuona jinsi magugu yalivyokuwa yanaupita mpunga wake. Wiki moja hivyo, shamba limekwenda. Na kule mbele mto ulikuwa unapanda, maji yanaingia kwenye nyasi bila sauti, kila asubuhi karibu zaidi.

Basi alikuwa amebakiwa na vitu viwili, na vyote vinaua: njaa, au dawa ya mganga. Akaitazama kona.

Hakungoja alfajiri. Kama ni siri ndiyo iliyokatazwa, isiwe siri. Saa ya watu kula, jua la utosini, aliutandika mkeka kwenye sakafu ya miti, akainua pazia la nyasi upande wa shamba la Digna, akapiga magoti.  Akakunja mgongo juu, akatoa pumzi. Akaushusha, akavuta. Kiuno kikalia kama mlango mkuukuu. Akarudia, kidogo tu, kama mtu anayepima maji kwa kidole.

Kwenye majaruba yote watu walisimama. Digna alikuwa na jembe begani.  Aliangalia kama unavyomwangalia mtu aliyepanda juu ya paa, ukingoja.

Siku ya pili Balbina alifanya tena, na ya tatu, na akaweza kunyooka, akashuka kupalilia. Watu hawakumsogelea. Walikuwa wanamhesabia siku, na yeye alijua. Usoni walimtafuta uvimbe.

Uvimbe ukamjia mguuni. Aliamka na mguu wa kulia umejaa, ngozi inang'aa, vidole vimezama kama vya mtoto mchanga. Alikaa akauangalia. Jana yake alikanyaga kitu kwenye maji, kikachoma, akalaani akaendelea. Ngogo, pengine, wale samaki wenye mwiba. Pengine. Lakini mwiba au si mwiba, neno alilolisikia kichwani lilikuwa la mganga, kwa sauti ile ile ya nauli. Homa ikaanza kupanda. Akajifunika miguu kwa khanga na hakushuka.

Jua lilipopanda bila yeye kuonekana shambani, ngazi yake ikalia. Digna alichungulia, kichwa chake na vinywele vifupi vilivyoanza kuota.

"Onyesha," akasema.

"Nionyeshe nini?"

"Usinichoshe. Onyesha."

Balbina akavuta khanga. Digna akaona, akarudi nyuma hatua moja ya ngazi. Uso wake haukuwa na furaha; ulikuwa na hofu ya mtu aliyeomba mvua na kuona mto unafika mlangoni.

"Kwa hiyo ni kweli," akanong'ona.

Balbina alidhani anakufa. Ukidhani unakufa mdomo unafunguka wenyewe.

"Mimi siyo mchawi, Digna. Lakini nilikusikia. Siku ile. Nilikusikia tangu mwanzo. Nilidhani unakuja kuomba chumvi."

Digna hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na Balbina aliona jinsi hofu ilivyoondoka na kitu kingine kikakaa mahali pake, kibaya zaidi.

"Ulinisikia ninalia."

"Nilikusikia."

"Ukalala."

"Nikalala."

Mkono wa Digna ulikuwa umeshika nguzo ya dungu. Chini yao maji yalikuwa yanagusa ngazi.

"Afadhali ungekuwa mchawi," akasema. Akashuka.

Mchana ule wote Balbina alilala na mguu wake. Hakuutaka mkeka, hakutaka chakula. Kila sauti ilikuwa kitu kinachokuja: kiboko, maji, watu na mapanga. Aliposikia ngazi tena jua lilikuwa linaelekea kuzama, na alifumba macho, maana hakutaka kuona ni wangapi.

Alikuwa Digna peke yake, na sufuria ya maji ya moto yenye chumvi, na wembe. Hakusalimia. Aliushika mguu kama anavyoshikwa kuku wa kuchinjwa, akausafisha, akabonyeza nyayo mpaka Balbina akapiga ukelele.

"Hapa?"

"Hapo!"

"Tulia. Si unajua kutulia wewe?"

Akachana. Usaha ukatoka, na ndani yake kipande cha mwiba, cheusi, chenye meno upande mmoja. Digna akakishika kwenye mwanga, akakigeuza.

"Ngogo," akasema. Hakuna zaidi. Akaufunga mguu kwa kitambaa, akachukua sufuria yake. Kwenye ngazi akasimama, amempa mgongo. "Nitawaambia nimetoa mwiba. Hilo nitasema, kwa sababu nimeliona kwa macho. Hilo jingine sitamwambia mtu. Si kwa ajili yako. Sitaki Evod alijue."

Aliwaambia. Wengine waliamini, wengine walisema mganga ana njia nyingi na mwiba ni mojawapo. Mguu ulinywea. Maji yalifika nusu ya ngazi, yakakaa, yakaanza kushuka. Balbina alifanya yoga yake kila mchana, pazia limeinuliwa, mkao wa paka na wa mtoto. Ule wa maiti hakuufanya tena. Alipalilia, akalinda, akavuna, na alipokuwa anavuna kulikuwa bado na watu waliokata njia ili wasipite mbele yake.

Digna hakuongea naye msimu wote, ila kwa lazima: "mtumbwi umefika," "nguruwe upande wako." Evod alipona ulimi akawa mropokaji, akauliza mbele ya watu kwa nini bibi hampendi bibi wa jirani, akafinywa.

Siku waliyokuwa wanafunga mizigo kurudi mjini, Digna alikuja na kapu kichwani. Akalitua. Akatoa sado, akachota mpunga, akaijaza mpaka ikawa na kilele, akaimimina kwenye gunia la Balbina lililokuwa wazi.

"Sado yako ya kwa mganga," akasema.

"Ingekaa tu, Digna. Baada ya yale... tusamehane, na hiyo sado iishe hapo."

"Usichanganye." Digna aliigonga sado chini punje za mwisho zidondoke ndani ya gunia. "Hii ilikuwa deni, na nimelipa. Lile lako siyo deni. Lile tutaishi nalo hivyo hivyo, ukuta kwa ukuta."

 Balbina akalikunja gunia mdomo, akalishika upande mmoja.

"Haya," akasema. "Nimepokea."

Digna akaangalia gunia, akaangalia mgongo wa mwenzie, akasonya. Kisha akainama akashika upande wa pili, wakalibeba hadi kwenye mtumbwi.